Mashini ya Muzee Valentin Yakataa Kusema

Muzee Valentin aliingia kwenye atelier ya kutengeneza kompyuta, mtaa wa Ndosho mjini Goma, akishikwa mkono na mke wake, mama Eugénie, na mashini yake ya zamani, kompyuta ya mkononi, ikiwa ndani ya mfuko wa unga. Walikuwa wametoka kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya, wote wawili kwa moto moja, pikipiki ya kukodi. Valentin alikuwa mwalimu huko Masisi mpaka macho yake yalipozimika. Hata baada ya hapo aliendelea kuandika masomo kwa Kihunde, lugha ya kwao, kwa sababu mwalimu mwenzake Damien alimtengenezea programu iliyotamka kila neno alilopiga. Sauti iliyokuwa ndani ni ya Damien mwenyewe. Kisha vita vikawatawanya. Damien alivuka mpaka wa Bunagana akaingia Uganda, na simu yake haikupatikana tena.

Kule kambini Valentin alitaka kuwaandikia watoto masomo. Lakini mashini iliharibika, fundi mmoja akaifuta yote, akabakiza faili za Damien tu, na kuweka vitu vipya kabisa, na tangu hapo programu ikawa bubu.

Jolie, fundi aliyewapokea, alizoea wateja wanaoacha mashini na kwenda zao. Huyu hakwenda. Alivuta kiti, akamwomba amsomee kwa sauti kila kosa litakalotokea kwenye kioo. Jolie aliona haya kidogo; makosa hayo yeye huyapitia kwa macho tu, kisha anatafuta dawa kwenye simu.

"Iko inasema mabano inakosekana, papa."

"Damien alisahau mabano?"

Jolie akatazama vizuri. Mistari yote ya kuonyesha maneno iliandikwa vilevile, bila mabano. Mutu hawezi kusahau kitu kilekile kila mahali, alimwambia. Pengine wakati ule hayakuhitajika. Maneno yake mwenyewe yakamkumbusha kitu. Chuoni waliwahi kuambiwa kwamba Python, lugha iliyotumika kuandika programu hiyo, ilibadilisha sarufi yake kati ya toleo la pili na la tatu. Hakuwahi kukutana na jambo lenyewe.

"Aliitengeneza mwaka gani?"

"Deux mille douze. Tulikuwa tumekimbia mara ya kwanza, tuko hapa Goma kwa shemeji yangu."

Basi toleo la mwaka ule wa 2012 ndilo la kutafuta. Akonkwa, aliyefanya naye kazi, alimshauri aiandike upya programu ifuate sarufi mpya. Jolie akakataa: nusu ya maneno yaliyokuwamo ni ya Kihunde, na angeharibu asichokielewa. Afadhali aweke Python ya zamani kando ya mpya, kila moja kwenye folda yake.

Faili la kwanza alilolivuta kwenye intaneti likagoma. Lilitengenezwa kwa ajili ya mashini zenye prosesa ya kisasa. La pili likakubali. Kisha kifurushi cha sauti, kile kinachoiwezesha programu kusema, nacho kikakataa, kwa kuwa cha sasa hakizungumzi tena na Python ya zamani. Kila mara Valentin aliuliza kwa nini, na kila mara ilimbidi Jolie ajue kwanza ndipo amjibu. Akagundua kwamba hana hamu ya kumaliza haraka. Akarudi nyuma toleo baada ya toleo, mpaka akafikia kifurushi kilichotoka miaka ileile.

Valentin akapiga neno. Sauti ya Damien ikalitamka kwa Kihunde, taratibu, kama ya mtu anayesomea darasa. Mama Eugénie akainamisha kichwa. Valentin akapiga lingine, na lingine, halafu kwa makusudi akachanganya herufi.

"Valentin, hiyo sijui," sauti ikasema. "Andika tena."

Muzee akacheka mpaka akajifuta macho.

Jolie akaandika juu kabisa ya programu ni matoleo gani inayahitaji, ili fundi mwingine asiyafute tena kwa kutojua. Lakini Valentin hakuinuka. Sasa alitaka kujua ni maneno gani Damien hakuyarekodi. Akapiga neno la hema kwa Kihunde. Sauti ikasema haijui. Akauliza kama linaweza kuongezwa. Jolie akafungua folda ya sauti, akakuta kila neno lina faili lake fupi. Linaweza, alisema, ila anahitajika mutu anayejua kulitamka.

Mama Eugénie akasogeza kiti, akakohoa kidogo, akasema neno hilo kwenye simu ya Jolie iliyokuwa ikirekodi. Kisha mwenyewe akaomba alirudie, kwa sababu mara ya kwanza alilisema haraka mno.