Muziki wa Jitu la Ghalani

Muziki wa kwanza bosi aliukataa kabla haujafika nusu. Wa pili aliusikiliza mpaka mwisho, akashusha pumzi, akasema, "Dada, hili si jitu. Huyu ni bwana harusi anaingia ukumbini." Wa tatu ulikuwa na ngoma nzito na tarumbeta, naye akasema ungefaa kufungulia duka. Kufikia wa tano, mtunga muziki alikuwa amekaukiwa kabisa. Kila akigusa kinanda, vidole vilimletea harusi ileile.

Ofisi yao ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la magodoro, na watu walikuwa wanne tu: bosi, mchoraji, mtu wa programu aliyeongea na kompyuta yake kuliko na wenzake, na huyu dada wa muziki. Chumba cha kurekodia walikuwa wamekizungushia magodoro yenye kasoro waliyopewa na mwenye duka, kwa hiyo ukiingia humo ulijisikia umekuja kulala. Walikuwa wanatengeneza mchezo wa simu. Panya mdogo anaingia ghalani kukusanya nafaka, na kila anapokaribia kushiba, linatokea jitu la kukagua magunia. Panya alikuwa tayari, ghala lilikuwa tayari, na jitu lilikuwa na taa moja usoni na miguu kama nguzo. Muziki wake ndio haukuwepo.

"Nataka mtu akilisikia, mikono imtoke jasho," bosi alisema. "Asijue hata kwa nini."

Dada alirudi nyumbani mapema siku hiyo, kichwa kikimgonga. Aliishi na shangazi yake, dada mkubwa wa baba, aliyemlea tangu akiwa sekondari. Shangazi alikuwa mwalimu mstaafu, lakini watu hawakumkumbuka kwa somo alilofundisha. Walimkumbuka kwa kusimamia mitihani. Kwa miaka thelathini alitembea kati ya madawati bila kupaza sauti hata mara moja, na wanafunzi walimpa jina la Mwalimu Kimya, jina ambalo hakuna aliyewahi kulitamka mbele yake.

Nyumba ilikuwa tulivu. Dada akajitupa kwenye kochi la wageni, akapandisha miguu mezani, akafungua pakiti ya biskuti. Mambo hayo matatu yalikuwa yamepigwa marufuku katika nyumba ile, kila moja kwa siku yake. Alikuwa anatafuna biskuti ya pili aliposikia ukumbini: kwapu, kwapu. Ndara. Kisha funguo, shazi zima, zikicheka kiunoni. Kisha mvumo wa puani, noti nne zinazopanda polepole, ule wimbo usio na maneno ambao Shangazi aliuvumisha kila akitembea, tena bila kujijua.

Noti ya tano haikuja. Ndara zikanyamaza.

Kabla hajafikiri, miguu ilikuwa chini, biskuti zilikuwa chini ya mto, na alikuwa ameshika gazeti, macho kwenye ukurasa wa matangazo ya vifo. Gazeti lenyewe lilikuwa juu chini. Mwanamke wa miaka ishirini na tisa, na moyo unamwenda mbio kama ameiba.

"Umerudi?" Shangazi aliuliza mlangoni.

"Shikamoo, Shangazi. Nimerudi."

"Marahaba. Futa makombo mdomoni."

Akaondoka zake. Kwapu, kwapu. Na hapo kwenye kochi, dada akaanza kucheka peke yake.

Kesho yake mchana aliificha simu ndani ya kapu la nguo chafu lililokaa ukumbini, akaliwekea shuka juu, akabaki jikoni. "Shangazi! Naona kama bomba linavuja huku!" Shangazi akaja, akatazama bomba, bomba kavu. Baada ya muda kidogo, "Shangazi! Limeanza tena!" Mara ya nne mama wa watu alisimama mbele ya sinki, mikono kiunoni.

"Hili bomba lina adabu," alisema. "Kila nikifika linaacha."

"Litakuwa linakuogopa, Shangazi."

"Wewe ndiye nisiyekuelewa leo. Una homa?"

Kule kwenye magodoro, dada alifanya kazi siku tatu. Ndara alizinenepesha sauti mpaka zikawa ngoma ya kitu kizito. Funguo zikawa kengele za mbali. Ule mvumo aliushusha chini, chini zaidi, mpaka ukawa kama koo la mlima. Noti nne zinapanda, na ya tano haiji.

Siku ya kuwasikilizisha wenzake, bosi alikuwa ameegemea kiti, miguu juu ya meza, kikombe cha chai mkononi. Muziki ukaanza. Kwenye noti ya pili alishusha miguu. Ya tatu, akachomekea shati. Ya nne ilipokwisha pakawa kimya, naye akageuka huku na huku.

"Sauti imekatika?"

"Haijakatika. Amesimama."

"Amesimama wapi?"

"Nyuma yako."

Mchoraji aliangua kicheko. Bosi hakucheka. Alikuwa ameufunika mkono wake wa kushoto kwa ule wa kulia, juu ya karatasi tupu. "Huu ndio," alisema kwa sauti ndogo. "Usiguse kitu."

Mchezo ulitoka, na watu waliupenda, lakini walichoandika kilihusu muziki zaidi kuliko panya. Mmoja alisema akilisikia jitu hujikuta anakaa wima. Dereva mmoja wa lori aliandika kwamba ikifika noti ya tatu huvua kofia, ingawa yuko peke yake. Dada alizisoma sifa hizo kazini na kuzima simu kabla hajafika nyumbani. Furaha yake ilikuwa na mwiba ndani. Alikuwa amemchukua mtu bila kumuuliza, na mtu mwenyewe anakula naye meza moja.

Wiki ya tatu alimsindikiza Shangazi kupima macho. Chumba cha kusubiri kilikuwa na viti vya plastiki vilivyojaa watu. Mbele yao alikaa bwana mmoja mwenye tai, mtu mzima kabisa, ameinamia simu yake. Dada aliona panya kwenye kioo. Akatamani ardhi impokee.

Kwapu. Kwapu. Funguo. Mvumo.

Bwana akanyooka mgongo. Mama mmoja viti viwili kando akaficha kadi yake ya kliniki chini ya kitenge, kisha akaitazama kama anajiuliza imefikaje huko. Shangazi hakusogea. Alisikiliza noti zote nne na kimya chake.

"Kijana," alisema, "nani huyo anayetembea?"

"Samahani, mama, napunguza sauti. Ni jitu tu. Linakagua ghala. Likikukuta umeshika kitu, umekwisha."

"Nimekuelewa." Akageuka taratibu. "Mwanangu, lile bomba letu limepona?"

Dada aliinamia viatu vyake. Njia nzima hadi nyumbani Shangazi hakusema neno, na hakuna aliyejua kunyamaza kama yeye. Walipoingia, dada alipiga magoti palepale ukumbini.

"Nisamehe, Shangazi. Nilijua nikikuomba utakataa."

"Ningekataa, ndiyo. Ungeomba tena, ningekubali. Sasa umeninyima raha ya kukataa." Akanyoosha mkono. "Lete hiyo simu. Nionyeshe linavyofanya kazi."

Alicheza mpaka jioni. Hakujali nafaka hata kidogo. Kila panya alipofika penye magunia, Shangazi alimwacha katikati ya njia, mikono imekunjwa, akingoja jitu limkamate. "Mwizi huyo," alisema kila mara, kwa kuridhika. "Ameshikwa." Kisha akaweka simu chini. "Kesho twende kazini kwenu. Kuna kosa."

Walipopanda ngazi asubuhi, bosi alikuwa anaongea kwa simu huku akitembea. Akasikia ndara kwenye ngazi, ndara zenyewe, na funguo. Simu ikamponyoka. Mlango ulipofunguka alikuwa amesimama kando ya kiti chake, mikono nyuma.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Shangazi alimtazama toka juu hadi chini, akaishia miguuni. "Wewe ndiye uliyeandika majibu ya jiografia kwenye soli ya kiatu."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Ulikosea mito miwili. Kaa."

Akakaa. Mchoraji alitoka nje kwenda kuchekea uani. Hata mtu wa programu alitoa visikio masikioni.

Kosa, Shangazi alieleza, lilikuwa mwendo. "Mmenikimbiza kama nimechelewa gari. Msimamizi hakimbii. Na siku ile pua ilikuwa imeziba, ule mvumo si wangu, ni wa mafua. Tutarudia." Halafu kulikuwa na suala la majina yanayopita mwisho wa mchezo. Alitaka la kwake liwemo, na aliwaambia liandikweje.

Bosi aliandika, akakohoa. "Tuandike Mwalimu Kimya? Sisi hatukujua kama unalijua."

"Miaka thelathini nilikuwa nawasikia mnanong'ona chooni. Andika."

Walirekodi asubuhi nzima. Dada alikaa kwenye mashine, na kupitia dirisha dogo alimwona shangazi yake akienda na kurudi kati ya magodoro, kidevu juu, akifurahia kila hatua. Alimrudisha mara tisa, nyingine bila sababu yoyote ila kumtazama.

Toleo jipya lilipotoka, malalamiko yalimiminika kwamba jitu limekuwa gumu mno. Mtu wa programu aliapa hakugusa hata mstari mmoja wa programu, ni muziki tu uliobadilika. Shangazi aliomba asomewe malalamiko yote mezani, moja baada ya jingine, na yale yenye makosa ya herufi aliyasahihisha yeye mwenyewe, akaamuru yarudishwe kwa wenyewe.