Mgeni wa Kupima Kelele

Mtu akinisifia watu wa Hanang kwamba ni wapole na wana adabu, mimi hukasirika. Adabu hiyo nusura iwanyime watoto wangu mtihani wa darasa la saba. Nami nilikuwa mstari wa mbele katika kuionyesha, kwa hiyo sehemu ya hasira hiyo najikasirikia mwenyewe.

Mwaka themanini na nne nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi upande wa Gendabi. Wanafunzi walikuwa mia tatu na kumi na wawili, na darasa la saba lilikuwa na watoto thelathini na mmoja. Kwa miaka minne mfululizo shule yetu haikutoa hata mtoto mmoja wa kwenda sekondari. Mwaka ule nilikuwa na Letisia, mjukuu wa mwenyekiti wetu wa kijiji, mzee Sulle, na nilikuwa na wengine wanne ambao wangefundishwa vizuri mpaka Septemba wangechaguliwa. Nilijiapiza kwamba hao watano lazima waende.

Mwezi wa pili shamba la ngano la serikali likaanza kujenga maghala makubwa ya zege. Zege linataka kokoto, kokoto inataka mawe, na mawe mazuri yalikuwa nyuma ya shule yangu. Mkandarasi akaleta kresha, ile mashine ya kuponda mawe, akaisimika hatua themanini kutoka dirisha la darasa la saba. Hatua hizo nilizihesabu mwenyewe mara mbili, maana mara ya kwanza sikuamini. Hakuna mtu aliyekuja kuniuliza wala kuniarifu. Kila siku ilianza kusaga saa moja na nusu asubuhi, ikapumzika saa saba watu wakala, ikaendelea mpaka jioni.

Jaribu kufundisha hesabu za sehemu karibu na mashine inayotafuna mawe. Unaandika ubaoni, unageuka, unapiga kelele mpaka mishipa ya shingo inasimama, na watoto wanakutazama mdomo. Mwezi haujaisha sauti yangu ilikuwa imekauka. Watoto wa darasa la kwanza, ambao herufi huzijua kwa kuzisikia, walikuwa wakiimba pamoja kitu ambacho mwalimu wao hakukifahamu. Nikajaribu kulihamishia darasa la saba kanisani, lakini kigango chetu kiko upande wa pili wa mashine, kwa hiyo ilikuwa ni yaleyale na vumbi zaidi.

Nikamwendea msimamizi wa ujenzi, Bwana Joakimu, mtu mnene mwenye tabasamu lisiloisha. Akanipeleka pembeni ili tusikilizane.

"Mwalimu Genoveva," akasema, "hii ni ngano ya taifa. Wewe mtumishi wa serikali unapinga maendeleo?"

Siku zile neno hilo lilitosha kumwondoa mtu kazini. Na ngano yenyewe sisi hatukuila. Ilipakiwa kwenye malori ikaenda mijini kuwa mkate, sisi tukabaki na ugali wetu kama siku zote. Sikuwa nimepinga ngano ya mtu. Nilipinga kresha kuwekwa dirishani kwangu. Nikarudi ofisini, nikaandika barua Arusha, kwenye ofisi inayokagua kazi za ujenzi, nikawaeleza kila kitu pamoja na zile hatua themanini. Baada ya wiki sita wakajibu kwamba mtaalamu atakuja na chombo cha kupima kelele.

Kijiji kizima kilifurahi, na hapo ndipo tulipoharibu.

Mzee Sulle alivaa koti lake la sherehe. Akina mama walipika chai ya maziwa, mbuzi akachinjwa. Gari lilipoonekana barabarani, mzee akageukia kresha, akakunja uso, akamtuma mtu mbio kwa Joakimu. "Kamwambie azime. Mgeni hawezi kusalimiwa katika kelele hizo." Joakimu akazima palepale. Tena alikuja mwenyewe, akasimama nasi katika mstari, ameshika kofia mkononi.

Akashuka kijana mwembamba, miwani machoni, jina lake Abdulrahmani. Akatoa chombo chake, akakisimika kwenye miguu mitatu karibu na mlango wa darasa, akakiwasha. Mimi nikainua mkono, na watoto mia tatu na kumi na wawili wakasema kwa pumzi moja: "Shikamoo mgeni wetu!" Nilijivuna. Walikuwa wamefanya mazoezi siku tatu.

Kisha hotuba, kisha chai, kisha mbuzi, kisha hotuba nyingine. Saa tisa kijana akasema lazima awahi kabla mvua haijaharibu barabara ya Katesh. Akafunga chombo chake, akatushukuru, akaondoka. Vumbi la gari halijatulia, kresha ikawashwa. Nilikuwa nimeshika sinia la vikombe, na sikushtuka hata kidogo. Nilikuwa nawaza kwamba mgeni ameondoka ameridhika.

Ripoti ilifika baada ya mwezi. Joakimu aliisoma mbele ya mkutano wa kijiji, polepole, akiifaidi. Ilisema kelele katika eneo la shule ziko ndani ya kiwango kinachoruhusiwa. Ilisema kelele kubwa kuliko zote iliyopimwa siku hiyo ilitokana na wanafunzi walipokuwa wakimsalimia mgeni. Ilimshauri mwalimu mkuu awaelekeze wanafunzi kusalimia kwa sauti ya wastani.

Watu walicheka. Hata mzee Sulle alicheka kidogo, kisha akaniona uso wangu akaacha. Nilitamani kuichana ile karatasi na kumlisha Joakimu kipande kwa kipande.

Jumatatu nilipanda lori la ngano, la shamba hilohilo, mpaka Arusha. Nilimkuta Abdulrahmani kwenye chumba kidogo chenye mafaili mpaka dirishani. Akainuka aliponiona.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe una masikio?"

Nikamwaga yote. Kijana hakuwa mtu mbaya, ndiyo maana nilizidi kukasirika. Akanieleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mama yake. Sheria yao inamtaka ampe mkandarasi taarifa ya siku ya kupima. Mkandarasi akizima mashine mwenyewe ili kukwepa kipimo, anaandikwa, na kazi yake inaweza kusimamishwa. "Lakini mara ile, mama, hakuzima mwenyewe. Aliombwa na kijiji. Mimi nilipima nilichokikuta."

"Kwa hiyo ungekuta kelele, ungeandika kelele."

"Ningeandika. Nitarudi mara moja zaidi, nimeruhusiwa. Baada ya hapo faili linafungwa."

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nafikiri. Joakimu hakuhitaji kufanya hila yoyote. Alitakiwa kusimama tu karibu na mashine yake na kungoja tumwombe azime. Na tungemwomba, maana kwetu mgeni hapiti bila salamu, na salamu haitolewi kwa kupigiana kelele kama watu wanaofukuza nyani shambani.

Nilikwenda kwa mzee Sulle jioni ileile.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu. Habari za safari?"

Nikamwambia. Akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. "Unataka mgeni aje hapa, akae, aondoke, mimi mwenyekiti nimemtazama tu? Watasema huku wanaishi wanyama. Hapana, mwalimu. Tafuta njia nyingine."

"Hakuna njia nyingine, mzee. Zimebaki wiki kumi na moja kufika mtihani."

"Mgeni ni mgeni."

Nilitaka kumwambia maneno ambayo mtu hamwambii mzee wa miaka sabini. Nikayameza. Nikamwomba kitu kimoja, aje Jumatano akae darasa la saba kipindi kimoja. Hilo hakuweza kulikataa.

Alikuja. Nikamkalisha mbele, hatua tano kutoka ubaoni, kresha ikisaga kama kawaida. Nikamwinua Letisia asome insha aliyoandika mwenyewe kumhusu babu yake. Ilikuwa insha nzuri kuliko zote nilizosahihisha mwaka ule. Alieleza jinsi babu alivyohamia Gendabi kutoka Endagikot na ng'ombe watatu, na jinsi anavyokataa kula kabla ya mgeni kunawa. Letisia alisoma kwa nguvu zake zote. Mzee akainama mbele, akaweka kiganja sikioni. Letisia akamaliza, akakaa. Mzee akabaki vilevile, kiganja sikioni, kisha akampungia mkono kumwashiria aanze kusoma.

Mtoto akanitazama.

Mzee alipotoka nje nilimfuata. Hakunitazama. "Lakini mgeni ni mgeni, mwalimu," akasema, akashika njia ya kwake. Nilirudi darasani nimejaa machozi ya hasira.

Siku ya pili ya kupima hakukuwa na chai wala mbuzi. Hilo angalau nililipata kutoka kwa akina mama. Watoto niliwaambia wakae madarasani na asiinuke mtu. Walinitazama kana kwamba nimewaambia watukane. Lakini mzee Sulle alikuja na koti lake la sherehe, akasimama kando ya barabara, na Joakimu alikuwa amesimama karibu na injini, mkono kwenye wenzo wa kuzimia, macho yote kwa mzee. Alikuwa na tabasamu lake.

Gari likafika. Abdulrahmani akashuka na chombo chake. Joakimu akainua mkono wa pili juu, kumuuliza mzee kutoka mbali: nizime?

Mzee alimtazama Joakimu, akamtazama mgeni, kisha akageuka. Akaingia darasa la saba, akakaa dawati la nyuma pamoja na watoto, akavua kofia akaiweka magotini.

Abdulrahmani aliingia, akasimika chombo katikati ya darasa. Hakuna aliyeinuka. Watoto walikuwa wameinamisha vichwa, wengine wameficha nyuso kwa mikono, na Letisia alikuwa analia. Kijana alipomwona mzee, akainama kidogo mbele yake. Sikusikia kitu, ingawa nilikuwa hatua mbili tu, lakini umbo la mdomo linalosema shikamoo hakuna asiyelijua. Mzee Sulle alitazama mikono yake. Hakuitikia. Kijana akangoja, akarudia, akangoja tena, kisha akarudi kwenye chombo chake ameinamisha kichwa.

Dakika ishirini tulikaa hivyo. Alipomaliza kuandika, alichukua chaki, maana hatungesikia lolote, akaandika ubaoni tisini na moja, na chini yake, kwa tarakimu ndogo, kiwango cha kelele kinachoruhusiwa shuleni, hamsini. Akapiga mstari chini ya tisini na moja. Akabeba chombo chake, akapita katikati ya madawati bila kumtazama mtu, gari likaondoka.

Nilimuuliza mzee baadaye kwa nini hakuitikia hata kwa kichwa. "Ningeitikia, ningemkaribisha," akasema. "Ningemkaribisha, ningetuma mtu wazime. Najijua."

Amri ilifika zikiwa zimebaki wiki tisa. Kresha isiwashwe saa za masomo, na ihamishwe nyuma ya kilima kabla ya mwezi kuisha. Joakimu aliisoma bila tabasamu. Kesho yake asubuhi niliingia darasa la saba nikapayuka kwa mazoea, "Hamjambo!", watoto wakaruka kwenye madawati, wakacheka, nami nikacheka. Nikafundisha sehemu kwa sauti ya mtu anayeongea. Na kadiri nilivyofundisha ndivyo nilivyokasirika, maana ile tisini na moja kila mtu mwenye masikio alikuwa anaijua tangu Februari. Joakimu aliijua. Wakubwa wa shamba walipita pale na magari yao kila wiki, waliijua. Ili iandikwe kwenye karatasi, ilibidi mzee amnyime kijana wa watu marahaba yake, mbele ya wajukuu zake.

Saa nne mzee Sulle alibisha hodi ofisini kwangu. Alikuwa amekonda.

"Niandikie barua," akasema. "Kwa yule kijana wa Arusha."

Nikachukua karatasi na kalamu.

"Andika: Marahaba, mwanangu."

Nikaandika, nikangoja. "Halafu, mzee?"

"Basi. Tia jina langu."

Nilishindwa kuvumilia. Nikamwambia nitaongeza maneno kidogo hapo chini, kwamba aliyestahili kuona aibu siye yeye, ni walioleta mashine dirishani kwa watoto, na kwamba barua kama hii ingetakiwa kuandikwa na Joakimu na wakubwa wake, tena waje kuisoma hapa shuleni wamesimama.

Mzee akaweka kidole juu ya karatasi, mahali nilipotaka kuandika.

"Hao hawakunisalimia," akasema.