Mita Mia Mbili za Mwisho

Mimi hasira zangu ziko karibu, sikufichi. Mwenye shamba alipoweka uzio wa nyaya akakata njia ya pwani, nilitaka nikamchane siku hiyo hiyo. Kaka akanizuia. "Tulia, dada. Huyu tutamshinda kwa miguu."

Sheria ni hii: njia ya umma isipotembewa mwanzo mpaka mwisho kwa mwaka mzima, inakuwa mali ya mwenye ardhi. Watu waliogopa walinzi na marungu yao, mwaka ukayoyoma, ikabaki siku moja. Mpima ardhi wa serikali alikubali kutusubiri kwenye gati la zamani, njia inapoishia, mpaka saa sita mchana. Tukifika, anasaini. Tusipofika, magofu, visima na makaburi yote ya njiani, la mama likiwemo, yanabaki ndani ya uzio milele.

Tuliondoka mnara wa taa, njia inapoanzia, alfajiri, kaka fundi mwashi mstaafu, mimi fundi cherehani. Njia nzima, kwenye kila gofu, kaka hakunyamaza. Ukuta huu ni matumbawe na chokaa, ona unavyodai heshima! Na mlango wa nakshi uko wapi, mshenzi gani kaung'oa? "Tembea, dada, unakanyaga kama umebeba mayai!"

"Na wewe magoti yanalia kama bawaba," nikamjibu. Kwenye kaburi la mama aling'oa majani, tukaendelea.

Walinzi wawili walitukuta kwenye uzio wa mwisho. Gati lilikuwa linaonekana, mita mia mbili tu, na mpima ardhi juu yake anatazama saa. Kaka alishatoa koleo, anakata waya.

"Rudini mlikotoka, wazee," mmoja akasema.

"Mzee babako!" kaka akamjibu.

Rungu la kwanza lilimvunja kaka mkono, nilisikia mfupa. Nikamvaa aliyempiga, yule mrefu, nikamng'ata sikio mpaka damu ikanijaa mdomoni, nikaokota koleo nikampiga nalo meno. Nilimwonyesha cha mtema kuni. Akakimbia. Kugeuka, mwenzake amemkalia kaka kifuani, anampiga kichwani, anampiga tu. Nikamshushia koleo kisogoni, naye akajikokota vichakani.

Kaka alikuwa anatoka damu masikioni. "Nenda," akasema.

"Siendi popote."

"Saa sita kasoro tano, mjinga wewe. Nenda!"

Nikaenda. Mungu anisamehe, nilikwenda mbio, viatu mkononi. Mpima ardhi aliniona nilivyolowa damu, akasaini. Ilikuwa bado dakika moja.

Niliporudi na mpima ardhi, kaka hakuwa na pumzi. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Ningebaki, angalau angekufa kashikwa mkono. Alikufa peke yake chini ya nyaya, na mimi niko gatini nasubiri wino.

Siku ya tatu tulimpitisha njia ile ile kwenda kumlaza jirani na mama. Walinzi walikuwa mahabusu. Mwenye shamba tulimkuta anakunja nyaya zake kwa mikono yake, serikali ishamwamuru. Akavua kofia, akaniambia, "Pole sana, mama."

Nikamtemea mate usoni. Kisha nikarudi kwenye jeneza, nikaomba nami nipewe nafasi ya kubeba.