Kinachonyonya Betri ya Boti

Mzee Obadia Mwakalebela aligeuza ufunguo. Selfu ya mashine ya boti ikatoa mlio mmoja mkavu, kama mtu anayesafisha koo, kisha kimya. Akageuza tena. Safari hii hata mlio haukutoka.

Nyuma yake wanawake wa kikundi cha wakulima wa mpunga walikuwa wamekwisha kaa kwenye mabenchi ya boti, majembe na masufuria miguuni, wote wakitazama mgongo wake. Macho hayo yalimuuma kuliko maneno.

"Beno," mmoja wao aliita mwishowe, "njoo tena, mwanangu."

Beno alikuwa mvuvi mwenye mabega mapana, aliyezoea kutengeneza nyavu zake pale kingoni. Aliingia majini mpaka magotini, akapanda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Naona bibi kagoma leo."

"Vuta kamba, uache habari nyingi."

Beno akavuta mara moja tu, na mashine ikanguruma. "Mwezi huu kamba hii nimeivuta kuliko nyavu zangu," alisema akishuka. "Mkikuta samaki kwenye mashine, ni wangu."

Wanawake walicheka. Obadia naye alijilazimisha kutabasamu, akageuza usukani kuelekea mashambani.

Yeye kamba hiyo hakuiweza. Bega lake la kulia lilivunjika alipoanguka kutoka kwenye ngazi, enzi zile akiwa fundi katika kiwanda cha sukari, na tangu hapo mkono ule haukupanda juu ya kifua. Alipostaafu alihamia Lipangalala na mkewe, mkewe akafariki, akabaki anakaa barazani akihesabu mabati ya jirani. Ndipo akina mama hawa walipomfuata. Walikuwa na boti ya faiba ya kuwavusha masika, maana kiangazi mashamba yao ya mpunga hufikika hata kwa baiskeli, lakini mvua zikishiba bonde lote hugeuka ziwa. Walitaka mtu anayejua mashine na asiyekunywa pombe. Wengine walinung'unika kwamba ni mtu wa kuja kutoka Rungwe, tena Mmoravian kati ya Wakatoliki, tena mkono mmoja. Wilhelmina, mwenyekiti wao, aliwajibu kwamba mkono si tatizo, itafungwa mashine ya kuwashwa kwa ufunguo. Ikafungwa, kwa ajili yake yeye. Kila alipougusa ufunguo ule, Obadia alikumbuka kwamba kuna watu walimfikiria.

Sasa betri ilikuwa inamwaibisha. Ilichajiwa ikajaa, kesho yake ikawa imekufa. Na jana yake, Alhamisi, mambo yalifikia pabaya. Wakiwa njiani kurudi, magugu yalijisokota kwenye pangaboi, akazima mashine ili ayatoe. Alipotaka kuwasha, betri ilikuwa haina kitu. Mkondo ukawachukua taratibu kuelekea matete, mahali viboko walipokuwa wakipumua. Wilhelmina alichukua kafi, mwenzake akachukua sufuria, wakapiga maji wakisali kwa sauti mpaka wakafika kingoni. Obadia alivuta kamba kwa mkono wa kushoto njia nzima, bila mafanikio.

Jumamosi Wilhelmina alimfuata nyumbani. Alikataa kiti, na Obadia akajua ni habari gani.

"Baba Mwakalebela, mimi sina neno na wewe. Wenzangu wameogopa. Wamesema Jumatatu ikigoma tena, boti apewe Beno."

Obadia alitazama chini. "Wana haki. Wana watoto."

"Haki wanayo. Lakini mimi sijapenda."

Obadia alikuwa amekwisha jaribu yote aliyoyajua. Alisafisha vichwa vya betri, akaongeza maji. Aliazima betri mpya ya jirani, nayo ikafa vilevile. Kisha akawalaumu akina mama wenyewe: kuanzia leo, alitangaza, hakuna kuchaji simu kwenye boti. Walilalamika kwamba watawapigiaje watoto waliobaki nyumbani, wakatii. Betri ikaendelea kufa.

Jumapili asubuhi, kengele za kanisa zikilia, alimwendea Fausta, fundi umeme wa magari aliyekuwa na kibanda karibu na stendi. Fausta alimsikiliza huku akifuta mikono kwa kitambaa chenye mafuta.

"Babu, betri yako haifi yenyewe. Inanyonywa. Twende tukamtafute mnyonyaji."

Kule kingoni Fausta alimtaka azime kila kitu. Kisha akafungua waya wa hasi kwenye betri, na katikati ya waya na betri akaweka balbu ndogo aliyokuja nayo.

"Kama hakuna kinachokula umeme, balbu hii haitawaka," alieleza.

Balbu ikawaka.

"Hebu," alisema Obadia, akainama.

"Sasa nitachomoa fyuzi moja moja. Ile nitakayochomoa balbu ikazimika, mwizi wetu yuko kwenye njia hiyo."

Akachomoa ya pampu ya kutoa maji. Balbu ikabaki inawaka. Akachomoa ya taa za mbele. Inawaka. Obadia alikuwa ameweka matumaini yote kwenye fyuzi ya soketi ya simu. Fausta akaichomoa, balbu haikutikisika hata kidogo.

"Kumbe nimewaonea wale mama," alisema polepole.

"Bado hatujamaliza." Punde fyuzi zote zilikuwa nje, zimepangwa kwenye benchi, na balbu ilikuwa inawaka vilevile. Fausta alikuna kichwa. "Basi huyu hakupita mlangoni. Kafungwa moja kwa moja kwenye betri."

Alipapasa chini ya kichwa cha chanya, akainua waya mwembamba uliopakwa rangi ya bluu sawasawa na boti. Uliingia chini ya ubao wa ukingo. Wakaufuata kwa vidole, benchi baada ya benchi, mpaka kwenye omo, mbele kabisa ya boti. Pale ukazama ndani ya kisanduku cha mbao chenye mlango mdogo.

Obadia akarudi nyuma hatua moja.

Kisanduku hicho kilikuwa makao ya sanamu ya Bikira Maria. Kila safari kabla ya kuondoka, akina mama hufungua mlango ule, husali Salamu Maria, kisha hufunga ili maji yasirukie ndani. Wakati huo Obadia huinamisha kichwa kwa heshima. Yeye mwenyewe hakuwahi kukigusa.

"Fungua wewe, mwanangu. Wewe ni mtu wa hapa, ni Mkatoliki."

"Babu, ningekuwa Mkatoliki, ungenikuta gerejini Jumapili asubuhi? Mimi ni Msabato."

Wakatazamana, kisha wakacheka wote wawili. Obadia akaufungua mlango kwa ncha za vidole. Ndani Bikira Maria alisimama na vazi lake la bluu, na miguuni pake taa ndogo nyekundu ilikuwa inawaka.

"Hiyo naijua," alisema. "Huwaka mlango ukifunguliwa. Kama friji."

"Nani alikwambia?"

Obadia akafikiri. Hakuna aliyemwambia. Kila mara mlango ulipofunguliwa taa ilikuwa inawaka, naye, mtu aliyekaa na friji miaka mingi, akajijibu mwenyewe.

Fausta akawasha kamera ya simu yake, akaiweka ndani ikirekodi, akafunga mlango. Alipoitoa, walitazama pamoja: mlango umefungwa, na wekundu umejaa kisanduku kizima. Akagusa kioo cha taa, akaondoa kidole haraka. "Hii ni balbu ya gari. Inawaka usiku na mchana. Kwa betri iliyochoka kama yako, haiachi kitu." Akatoa koleo. "Nikate?"

Kukata kungekuwa rahisi. Kesho mashine ingewaka, naye angebaki na kazi yake. Lakini aliwaona akina mama wakifungua mlango na kumkuta Mama yao gizani, na aliyemzimia ni Mmoravian waliyemwajiri kwa huruma.

"Acha," alisema. "Siyo yangu kukata."

Fausta alichukua betri akaichaji usiku kucha. Jumatatu asubuhi Obadia aliirudisha mahali pake, pamoja na ule waya wa bluu, na kabla hajamruhusu mtu kupanda alisimama mbele yao, kofia mkononi. Beno naye alikuwapo, mikono kifuani, akingoja kuitwa.

"Tumsifu Yesu Kristo," alianza.

"Milele amina," waliitikia, wakishangaa kidogo.

Akawaeleza jinsi balbu ilivyobaki inawaka, na waya ulikokwenda. Aliwaomba radhi kwa habari ya simu. "Leo mashine itawaka," alimaliza, "ila taa ikiendelea hivi, kesho haitawaka. Taa ni yenu. Amueni ninyi, na mkiona afadhali boti aichukue Beno, sitakasirika."

Wanawake wakanong'onezana. Kisha Digna, mama kijana mwenye mtoto mgongoni, akafunika uso kwa kanga.

"Ni mimi," alisema. "Nilimleta fundi wakati boti inapakwa rangi kabla ya masika haya."

Mwaka uliotangulia Digna alishikwa na uchungu shambani, maji yakiwa yamejaa. Obadia alimvusha kwenye mvua kubwa, na mtoto akazaliwa salama hospitalini.

"Niliweka nadhiri," aliendelea. "Nilimwambia Mama nitamwashia taa isiyozimika, kama ile ya kanisani. Kwa ajili ya mtoto, na kwa ajili yako, baba, Mama akulinde majini. Kumbe ndiyo inakunyang'anya kazi."

Obadia alivaa kofia, akaivua tena.

"Digna," Wilhelmina alisema, "ile ya kanisani ni ya Yesu mwenyewe kwenye Tabernakulo. Mama yetu alikaa Nazareti bila umeme na hakulalamika."

Kicheko kikapasuka, hata Digna akacheka akifuta macho. Lakini nadhiri ni nadhiri, bibi mmoja wa kikundi alikumbusha, haivunjwi kwa utani.

"Haitavunjwa," alisema Obadia. "Fausta ana taa ndogo za sola. Hujichaji kwa jua, huwaka usiku na mchana, betri haiguswi. Kioo chake cha kunasa jua tutakiweka juu ya kisanduku, na mimi nitakifuta tope kila asubuhi."

"Wewe Mmoravian?" aliuliza Beno.

"Tope lina dhehebu?"

Wilhelmina aliwageukia wenzake. "Kuna mwenye neno juu ya nahodha?" Hakuna aliyekuwa nalo.

"Na mimi nilishatamani kofia ya unahodha," Beno alisema.

"Ivae kwenye mtumbwi wako," wakamjibu kwa pamoja.

Wakapanda. Obadia akageuza ufunguo, na mashine ikawaka papo hapo. Simu nne zikatolewa mifukoni na kuchomekwa kwenye soketi, naye akajifanya hakuziona.

Ng'ambo ya pili walishuka mmoja mmoja, kanga zimepandishwa, wakikanyaga maji kuelekea kwenye madungu yao, vibanda vya kulindia mpunga. Kila aliyeshuka alisema, "Asante, baba," kama walivyosema kila siku. Siku hiyo Obadia alimjibu kila mmoja kwa jina lake: asante wewe, Wilhelmina, asante wewe, Konsolata. Digna alikuwa wa mwisho. Alimkabidhi mtoto ili apate kushuka na jembe, na Obadia akamshika kwa mkono wa kushoto, akimtazama, mpaka mama yake akasema, "Baba, mlete basi, mpunga unaningoja."