Shairi la Mikia

Mwaka wa 1956 mwalimu Raphaël Mutambo wa Mboko, kando ya ziwa, alikuwa akikusanya mashairi ya maisha ya mashambani, apate ya kusoma siku ya kufunga shule. Gakunzi, mchunga ng'ombe aliyejifunza kuandika kwa Waprotestanti huko Minembwe, alishuka kutoka milimani kutafuta chumvi akamwachia karatasi moja.

*Mukia wa Gaju unapiga kushoto,*
*mukia wa Bihogo unapiga kuume,*
*njia imelowa, kwato zimejaa maji.*
*Mukia ukinyamaza, na mi nasimama.*

Lote lilikuwa hivyo, mikia na kwato za ng'ombe wake tu. Raphaël aliliona kavu. Akaongeza beti mbili za vilima vya kijani na mchungaji mwenye furaha, na Gakunzi aliposhuka tena mwezi uliofuata, akamsomea.

Gakunzi alisikiliza mpaka mwisho. "Ni muzuri, mwalimu. Lakini huyu muntu mwenye kuona milima yote, anasimama wapi?"

"Si ni wewe?"

"Mi niko nyuma ya ngombe."

Swali lile lilimkera Raphaël siku nyingi. Likizo fupi ya katikati ya mwaka ilipofika akapanda mlima na Gakunzi, mwendo wa siku mbili. Asubuhi ya tatu walitoa ng'ombe kwenda malishoni, na ukungu ulikuwa mzito hata vilima vyote vikapotea. Kitu pekee alichoweza kukifuata ni mkia wa Gaju, ukipigapiga mbele yake. Gakunzi alitembea kando yake akiita ng'ombe kwa majina, kwa sauti ya chini.

Ghafla mkia ukatulia. Gakunzi akamshika mwalimu mkono.

"Simama. Kuko shimo."

Kweli, hatua nne mbele ardhi ilikuwa imekatika, na maji yalisikika chini kabisa.  Ule mstari wa mkia kunyamaza, Raphaël alidhani umewekwa kujaza karatasi tu.

"Uliandika vile unaona," alisema.

"Ningeandika nini ingine, mwalimu?"

Aliporudi Mboko alifuta beti zake mbili. Siku ya kufunga shule alilisoma shairi jinsi Gakunzi alivyoliandika, polepole, kama mtu anayetembea kwenye utelezi. Wazazi, wengi wao wavuvi, walisikiliza. Kisha mama Florentine, muuza samaki ambaye alikuwa hajawahi kuupanda ule mlima, akaomba lisomwe tena.