Mwendo Halisi wa Mzee Makoye

Vumilia alikuwa fundi pekee pale Runzewe ambaye wachimbaji walimwachia ditekta zao za dhahabu, wachungaji wakamwachia spika za makanisa yao, na wote wakaenda zao bila wasiwasi. Kwa hiyo Eustace alipopata tepu rekoda ya magurudumu ya kanda, alimpelekea yeye.

Mashine ilitoka Japani ndani ya kontena la mitumba lililoshushwa Isaka, ina miaka hamsini na uzito wa ndama. Eustace, aliyekuwa akigombea udiwani na tayari akiitika akiitwa mheshimiwa, aliitafuta kwa sababu moja. Marehemu babu yake, Mzee Makoye, mwenyekiti wa kwanza wa chama cha wakulima wa pamba, alirekodiwa na padri mmoja akihutubia mkutano mwaka 1974. Kanda ilibaki kwa mjane wake, Bibi Rhoda, ndani ya kopo la biskuti. Sasa ukumbi mpya ulikuwa unapewa jina la mzee, na Eustace alitaka siku ya ufunguzi babu aseme mwenyewe.

Kamati ya ufunguzi ilikuwa imeshaisikiliza kanda mara moja kwa mashine hiyo. Sauti ilitoka nzito, ya polepole, mpaka wajumbe wakasimama kwa heshima. Tangu jioni ile Eustace naye akaanza kuongea kwa sauti ya tumboni, akidai ndiyo urithi wake. Katikati ya hotuba jogoo aliwika kama fahali. Kamati ikakubaliana kwamba majogoo wa zamani walikuwa wakubwa. Umati ulisikika ukiguna, naye katibu, Mwalimu Gregory, akaandika kwenye muhtasari kwamba wananchi walilia. Mikwaruzo ilikuwa mingi. Sentensi moja tu ilisikika vizuri, "Mimi ni pamba," nayo ikachapishwa kwenye fulana za kamati.

"Toa mikwaruzo tu, fundi," Eustace alisema, kidevu kakibana kifuani ili sauti ishuke. "Mengine usiguse."

Vumilia alifungua kifuniko, akainama kuangalia. Tangu aanze kazi hii hajaona kitu kilichopangwa kwa adabu namna ile. Kila waya ulifungwa kwa uzi, kila fundo linafanana na mwenzake. Vichwa vitatu vilisimama mstari mmoja, cha kufuta, cha kurekodi, cha kusomea, na kanda ilipita mbele yake ikivutwa na kijiti cha chuma kilichong'arishwa kama sindano. Alisafisha vichwa kwa spiriti, akachonga kigurudumu kipya cha mpira cha kubana kanda badala ya kile kilichokauka. Mikwaruzo ikaisha.

Lakini yule jogoo alimsumbua. Vumilia alikuwa na kuku, na hakuna aliyewahi kuwika vile.

Akaichunguza mota. Mota ya namna ile huufuata umeme: umeme ukitetemeka mara sitini kwa sekunde, inakimbia, ukitetemeka mara hamsini, kama wa kwetu, inapunguza mwendo. Nusu ya Japani ina umeme wa sitini, nusu wa hamsini, na aliyeibuni mashine hii aliwafikiria wote. Ndani ya kifuniko alikuta puli ya pili, kigurudumu cha mota cha umeme wa hamsini, kubwa kidogo kuliko ile iliyofungwa, ndani ya kifuko kilichobanwa kwa skrubu. Haijawahi kuguswa. Akaibadilisha, akawasha.

Jogoo akawika kama jogoo. Kisha kikatoka kisauti chembamba, chenye haraka, cha mtu anayejizuia asicheke kabla ya wenzake: "Ndugu zangu, mizani ya chama chetu imechoka kuliko sisi! Juzi nimepanda juu yake mwenyewe, karani akaniandika kilo kumi na nne. Nikauliza, kilo kumi na nne za nini? Akasema, za pamba fifi, ile ya daraja la pili. Basi mimi ni pamba, na hata pamba safi sikufikia!"

Umati haukuwa ukilia. Ulikuwa umevunjika mbavu.

Vumilia alipatwa na shaka. Pengine kakosea yeye. Mtu wa kuamua alikuwa mmoja, akatuma bodaboda imlete.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanawane. Umeniitia nini?"

Vumilia aliwasha mashine bila kueleza. Bibi Rhoda alisikiliza, mkono mdomoni. Ilipofika kwenye kilo kumi na nne alicheka mpaka khanga ikamwanguka, halafu akalia, halafu akacheka tena.

"Ndiye, gete, kweli kabisa! Kasauti kake hako. Baba yangu alikataa posa yake, akasema mwanamume gani ana sauti ya kifaranga. Nikamwambia, lakini ananichekesha. Nirudishie mwanzo."

Walirudisha mara nne. Kabla hajaondoka, bibi alimwomba Vumilia amwekee kwenye simu.

Kesho yake Eustace alikuja na kamati nzima. Alisikiliza sekunde chache tu.

"Umemharibu babu!" alisema, na kwa hasira sauti yake halisi ikamtoka, nyembamba ajabu.

"Mheshimiwa, huu ndio mwendo sahihi. Bibi yako ameshathibitisha."

"Bibi ni mtu mzima, anasahau," alisema Mwalimu Gregory. "Na fulana zimeshachapwa."

Wakapiga kura papo hapo, katikati ya redio zilizokufa. Wajumbe wote saba waliazimia kwamba sauti ya Mzee Makoye ni nzito. Vumilia akarudisha puli ya zamani, maana mashine haikuwa yake, na mkono ulimuuma kuifunga.

Ila bibi alikuwa na wajukuu, na wajukuu wana simu. Kufikia siku ya ufunguzi hapakuwa na kijiwe cha bodaboda wala duara, shimo la wachimbaji, ambako watu hawakuigiza karani na mizani yake.

Ukumbi ulijaa. Eustace akaamuru watu wasimame, mashine ikawashwa. "Nnndugu zzzangu…" ilinguruma. Watu walijikaza. "Mizani…" Mtu mmoja nyuma akapiga chafya ya kicheko. Sauti ikajikokota kuelekea kilo kumi na nne, na wote walijua inakokwenda, wakaitangulia kwa pamoja: "Za pamba fifi!" Wakacheka hadi wengine wakatoka nje kupumua. Bibi Rhoda, kwenye kiti cha mbele, alikuwa anajifuta macho.

Eustace hakuwa mjinga. Wiki ile ile alianza kampeni upya, akitangaza kwamba ucheshi ni damu ya ukoo wao. Alisimama sokoni Runzewe na mzaha aliouandika kwenye karatasi, kuhusu mbuzi na karani, akausoma mpaka mwisho kwa sauti yake nyembamba. Hakuna aliyecheka. Mama mmoja muuza dagaa alimwuliza kwa upole kama ameshamaliza, maana mheshimiwa alikuwa amesimama mbele ya bidhaa zake.