Mto Niliousoma Kitandani

Kwa mwalimu mkuu, walimu wote, wapishi, na vizazi vitakavyolala katika bweni hili baada yangu: natangaza kwamba usiku wa jana niliota ndoto yenye umuhimu wa kitaifa. Ningependa isomwe watu wakiwa wamesimama. Niliiota nikiwa mdomo wazi, mguu mmoja nje ya blanketi, kwa ushahidi wa Mukabwa anayelala kitanda kilicho chini ya changu.

Kwanza nieleze mambo yalivyokuwa kabla sijalala. Chama chetu cha mto, wanafunzi sita na Mwalimu Njiraini, kilikuwa kimepanga kwa wiki tatu kushuka Mto Kiringa kwa kayaki siku ya Jumamosi, kutoka daraja la shule hadi daraja la chini, tukivua samaki aina ya trauti njiani. Kila mtu alipewa kazi. Mukabwa, ambaye anaogelea kama kabati, alipewa kuhesabu majaketi ya kuelea. Mimi, Kaberia, nilipewa daftari, mabuti mapya, na kazi ya kwenda darajani kila alfajiri kusoma bamba la kupimia maji. Mwalimu alisema mara moja tu, kwa sauti ya chini: maji yakipita sentimita themanini, hatuingii.

Daraja liko mbali, na alfajiri ya huku mlimani si ya mchezo. Nikaanza kuusoma mto nikiwa kitandani. Sitini na nne. Sitini na tatu. Sitini na tano, ili isionekane nimenakili. Nilifanya hivyo siku ishirini na moja. Mabuti hayakuwahi kutoka chini ya kitanda. Kikaratasi cha saizi, ambacho mtunza stoo alikiandikia jina langu, kilikuwa bado kinaning'inia kwenye buti la kushoto.

Ijumaa nikalala mapema, dhamiri yangu ikiwa haina neno.

Tuko bwaloni, kwenye mkutano wa mwisho wa mipango. Ramani imetandazwa mezani na inavuja. Mwenyekiti ni bamba la kupimia maji. Ni refu, jembamba, jeupe, na lina namba nyeusi kuanzia miguuni hadi kwenye paji la uso.

"Nimekuja kujitambulisha," linaniambia, "kwa kuwa hatujawahi kukutana."

Nanyoosha mkono. Bamba halina mikono. Naurudisha wangu mfukoni.

Mlango unafunguliwa na Mto Kiringa unaingia. Umechelewa, unaomba radhi, unakaa kwenye benchi karibu na mapipa ya uji. Umevaa sare ya shule, na shati limeubana.

"Kaberia," unasema, huku ukijizuia kupumua. "Leo niwe ngapi?"

"Sitini na nne."

"Bado?"

"Bado."

"Wiki tatu nimebana tumbo. Huko juu mlimani kumenyesha mara nne. Unajua kazi ya kuwa sitini na nne mvua ikiwa inanyesha?"

"Jikaze," nauambia. "Ni mpaka Jumamosi tu."

Mto unajikaza. Kifungo kimoja cha shati kinaruka na kutua ndani ya uji. Mpishi anakitoa kwa upawa na kuendelea kukoroga.

Mwalimu Njiraini anasimama na kutukumbusha kanuni ya usafiri: lori linawekwa mwisho wa safari kabla safari haijaanza. Kwa hiyo tunakwenda mwisho kwanza. Sikumbuki kupanda lori. Nakumbuka Bwana Kiptui, dereva wa shule, akizima injini na kusema, "Mwisho ndio huu."

Mwisho uko baharini. Daraja la chini limehamia pwani na hakuna anayeuliza kwa nini. Kando ya barabara tumekaa sisi wenyewe, tuliokwisha kumaliza safari. Tumelowa chapachapa na tunakunywa chai. Tunasalimiana. Kila mmoja anakwenda kukaa karibu na nafsi yake iliyolowa. Mwalimu mkavu anamkagua mwalimu aliyelowa na kuonekana kuridhika.

Mukabwa analizunguka lori mara mbili.

"Simo," anasema.

"Angalia vizuri," namwambia.

"Nimeangalia. Kayaki yangu ipo, imepinduka. Mkate wangu upo, haujaumwa. Mimi simo."

"Huenda umekwenda msalani," anasema Bwana Kiptui.

"Mimi nikaenda msalani nikaacha mkate?"

Tuko saba tunaotaka kuanza, na waliomaliza ni sita. Bwana Kiptui anahesabu tena kwa kidole, kisha anavua kofia na kuiweka juu ya boneti.

Namgeukia Kaberia aliyelowa. Amelowa mwili mzima isipokuwa mabuti. Mabuti ni makavu, yanang'aa, na kile kikaratasi kinaning'inia.

"Mukabwa yuko wapi?" namuuliza.

Anapuliza chai yake. "Niulize maji yalikuwa ngapi."

Simuulizi. Naondoka kwa heshima na kutembea hadi mto unapoingia baharini.

Hapo kuna foleni ya trauti. Mwalimu aliwahi kutusimulia kwamba katika nchi fulani za baridi wako trauti wanaoshuka baharini wakiwa wadogo, wakanenepa huko, halafu wakarudi mtoni walikozaliwa. Husubiri mdomoni mwa mto hadi mvua iongeze maji ndipo wapande. Hawa wanasubiri wakiwa wamesimama kwa mikia, na mabegi yao yako chini. Wa mbele ni mrefu kama golikipa wetu na ana rangi ya sufuria mpya.

"Wewe ndiye Kaberia?" ananiuliza.

"Ndimi."

"Wa sitini na nne?"

Foleni nzima inageuka kunitazama.

"Kwa sitini na nne," anasema samaki, "mtu unakwaruza tumbo kwenye mawe kuanzia hapa hadi nyumbani. Kila asubuhi tunauliza, kila asubuhi tunajibiwa ni ileile. Wiki tatu sasa. Na mama mkwe wangu yuko hapo nyuma. Wewe una mama mkwe?"

"Niko kidato cha tatu."

"Basi huwezi kuelewa."

Anatoa rula kwenye begi, ananilaza mchangani na kunipima kutoka kisigino hadi utosini. Namwacha apime. Nimewahi kuwapima samaki wengi na hakuna hata mmoja aliyelalamika.

"Hajafikia saizi," anawatangazia wenzake. "Kanuni inasema aliye chini ya saizi arudishwe akiwa hai, mahali anapotakiwa kuwa."

"Nilikuwa kitandani," nasema.

"Sikusema ulikokuwa. Nimesema unapotakiwa kuwa."

Kabla ya kunirusha ananyofoa kile kikaratasi kwenye buti langu la kushoto, maana nami nimeyavaa mabuti yaleyale. "Buti lisilo na kikaratasi ndiyo alama yako," anasema. "Tukikushika tena tutajua ni yuleyule."

Ananirusha. Safari inakuwa fupi na haina chochote cha kusimulia.

Nimesimama kwenye daraja la shule. Ni asubuhi. Bamba si mwenyekiti tena, limepigiliwa kwenye nguzo yake majini, na mto uko chini yangu, umebana tumbo, umeiva uso. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nainama kusoma.

"Samahani, Kaberia," unasema mto. "Siwezi tena."

Unapumua. Vifungo vinaruka kimoja kimoja. Sitini na nne inazama. Themanini inazama. Mia moja inazama na bamba halitikisiki. Maji yanasimama kwenye mia moja na kumi na mbili.

"Sasa tumefahamiana," linasema bamba.

Juu ya maji inapita kayaki moja, imepinduka. Nafungua mdomo niite jina, na hapo ndipo nilipoamka.

Ilikuwa Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi. Mukabwa alikuwa tayari amevaa jaketi la kuelea, juu ya pajama, mbele nyuma, huku akitafuna kipande cha mkate. Niliinama kutazama chini ya kitanda. Mabuti yalikuwepo. Kikaratasi hakikuwepo. Nikajiambia panya wa bweni hili wana tabia zao.

Mwalimu Njiraini akasimama mlangoni. "Kaberia. Maji ngapi leo?"

"Siti—" nikaanza.

"Sitini na nne, mwalimu," Mukabwa akanimalizia huku akikaza mikanda ya jaketi lisiloweza kumsaidia. "Mto wa Kaberia haubadiliki. Ni mto wenye nidhamu."

Wenzetu wakacheka. Yeye pia akacheka, mkate mdomoni.

"Sijui, mwalimu," nikasema. "Sijawahi kujua. Sijafika darajani hata siku moja."

Nikaeleza namba zote ishirini na moja, pamoja na ile sitini na tano niliyoiweka kwa urembo. Halafu nikasema, "Nadhani leo ni mia moja na kumi na mbili. Lakini hiyo nayo nimeisoma kitandani."

Tukashuka wote hadi darajani, Mukabwa na pajama yake. Tuliusikia mto kabla hatujauona. Ulikuwa wa rangi ya chai ya maziwa, ukipitisha gogo zima la mti kama mtu anayebeba mwavuli. Mwalimu akashika ukingo wa daraja, akainama kusoma bamba, akakaa hapo muda mrefu kuliko kusoma kunavyohitaji.

"Mia moja na kumi na mbili," akasema.

Kisha akanyoosha mkono kabisa, akabandua kitu kilicholowa kilichokuwa kimeganda kwenye mstari huohuo. Kilikuwa kikaratasi. Akakisoma kwa sauti: "Kaberia. Saizi nane."

Akayatazama mabuti yangu, ambayo yalikuwa yakikanyaga matope kwa mara ya kwanza. Akanitazama mimi.

"Hujafika hapa hata siku moja," akasema.

"Hata siku moja, mwalimu."

"Basi kaa uandike jinsi hiki kilivyofika. Ukweli, Kaberia. Si ule wako wa kitandani."

Ndio huu. Kwamba sikufanya kazi yangu nakiri, na kwamba ningewaingiza wenzangu kwenye maji yale nakiri pia, bila mzaha. Kuhusu kikaratasi, muulizeni samaki.

Safari imeahirishwa hadi maji yashuke chini ya themanini. Jioni ya leo nimetumwa tena darajani, na Mukabwa ametumwa nyuma yangu kuhakikisha nafika. Nimekuwa nikigeuka njia nzima kumhesabu. Yumo.